Mkono Uliokula kwa Jirani

Msusi alikuwa mtu wa shoto. Mkono wa kulia ulishika nywele tu. Wa kushoto ndio uliosuka, na ndio uliolisha nyumba. Sasa mshipa wake mkuu wa damu, ule utokao moyoni, ulikuwa umetuna kama puto. Daktari alitaka kuupitishia bomba la kitambaa kwa ndani, kuanzia kwenye kinena.

"Ila bomba litaziba mdomo wa mshipa uendao mkono wa kushoto," alimweleza. "Kwa hiyo kwanza tutapasua hapa juu ya mfupa wa mtulinga, tuukate huo, tuushone kwa jirani yake, mshipa upandao kichwani."

"Na usiposhika?"

"Mkono utapata damu kidogo. Hautasuka tena."

Wifi yake, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua likizo, alifuatana na kitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

"Kitendawili!"

"Hata hapa, wifi? Haya, tega."

"Mlango wangu umezibwa, wala sijalala njaa."

Hofu ilikwisha kula majibu yote. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji nimepokea. Jibu sikupi. Rudi kwanza."

Dawa ikamchukua polepole, na msusi akajikuta ndani ya mji ule ule alioutoa. Mitaa yake ilikuwa njia za kichwa kilichosukwa, nyeupe, zimenyooka, na upepo ulinukia mafuta ya nywele. Upande wa kushoto palikuwa na nyumba iliyozibwa mlango kwa kitambaa. Ndani watoto watano, mdogo kwa mkubwa, walikaa na baridi mbele ya sahani tupu. Akataka kulia. Mara ukuta wa jirani ukafunguka laini kama pindo la gauni, bakuli la moto likapita. Wakaanza kula. Du, du, du.

Alipofumbua macho, shingo iliuma, na mkono ulikuwa mzito kama wa kuazima. Muuguzi akaushika kwenye kifundo, akatafuta mapigo. Wifi akanyamaza, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Unapiga," muuguzi akasema. "Tena vizuri."

"Wanakula kwa jirani," msusi akanong'ona.

"Ndilo jibu lenyewe!"

"Basi nirudishie mji wangu."

"Wapi! Nishahamia."

Wifi akainama kumfunika shuka. Msusi akakiona kichwa chake.

"Nani kakusuka hivi? Njia zimepinda kama za mlevi."

"Ulikuwa unaumwa, ningefanyaje?"

Vidole vya kushoto vikapanda taratibu, vikashika ncha ya msuko, vikaanza kufumua.