Sabuni za Safari

Kila mwanakwaya wa shule alipewa katoni ya sabuni auze. Asiyeimaliza hadi Ijumaa, basi la safari lingemwacha. Kimya, kama wenzake walivyombandika jina, alibisha hodi mtaa mzima.

"Umechelewa, mwanangu, mwenzio keshapita," aliambiwa kila mlango, maana rafiki yake, jamani, alikuwa na mdomo kama chiriku.

Ijumaa jioni, bibi wa nyumba ya mwisho alinunua moja tu.

"Bibi, nunua zote, nitaachwa!"

"Nikizimaliza leo, mjukuu wangu, kesho nani atanibishia hodi?"

Kimya alitaka kununa, akashindwa.

Jumamosi alisikia basi likipita na nyimbo zake. Nyumba ilipomlemea, akajitwika katoni. Bibi alikuwa ameshakaa kizingitini, anaitazama njia.