Kinyozi Hajinyoi

Kinyozi hajinyoi, lakini huyu wetu alikuwa na kaka yake seremala. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, alimnyoa kaka, kisha wakabadilishana kiti, naye akanyolewa. Seremala anayeweza kulainisha mlango, kidevu kitamshinda?

Wateja walimwita Mkono wa Pamba. Watu wazima walisinzia kwenye kiti chake huku wembe uko kooni.

Mwaka jana wakaingia wezi wawili, mchana kweupe, wakamlaza kifudifudi juu ya nywele za wateja. Hawakumjeruhi, ila aibu ilimkaa moyoni. Akaomba kibali, akapewa, akanunua bastola. Halali kabisa, hapo sina neno. Neno langu ni kwamba aliyeivaa hakuwa tena yule aliyeinunua.

Alidhani chuma kitamwondolea woga. Wapi! Aligeuza kioo ili aone mlango, akawa anatazama mlango kuliko shingo aliyoshika. Mteja akitia mkono mfukoni kutoa leso, yeye anaacha kunyoa. Zamani ukimtukana atacheka na kukuongezea tusi jingine; sasa mtu akimkanyaga tu njiani, mkono unakwenda kiunoni kwanza, hasira inafuata nyuma. Siku moja mkewe alifungua mlango wa bafu bila kubisha, akakuta bastola inamtazama.

"Baba watoto," alisema mkewe, "na mimi pia ni mwizi?"

Aliomba radhi, hata akalia. Kesho yake akaivaa tena. Wateja wawili aliwakata, na habari haina miguu lakini hutembea. Kufikia mwezi huu kiti kilikuwa kinakaliwa na mtu mmoja tu, kaka yake.

Jumamosi moja kaka hakukaa. Alisimama mlangoni na mikono yake yenye vumbi la mbao.

"Leo naanza mimi kukunyoa. Hicho kidude kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani, kaka."

Alidanganya. Kilikuwa kiunoni, chini ya kitambaa kile kikubwa cha kunyolea ambacho kaka alimfunga shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Alijiona mshenzi, lakini kukivua alishindwa. Aliogopa kukivua kama mtu anayeambiwa avue ngozi.

Kaka akampaka povu. Kunyoa kunataka mikono miwili: mmoja unavuta ngozi, mwingine unapitisha wembe. Shavu la kulia likaisha vizuri. Kinyozi akaanza kulegea, akafumba macho kwa mara ya kwanza tangu wezi waje, akawaza kwamba huenda mambo yatatengemaa.

Wembe ulikuwa kooni pale jirani alipoangusha kwa kishindo mlango wa bati wa duka lake.

Kinyozi alipofumbua macho, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafanya kazi yake. Kitambaa kilikuwa kimevimba mbele, na mdomo wa bastola umegusa tumbo la kaka. Kidole kilikuwa mahali pake. Alikiambia kitoke, kikakataa.

Kaka alitazama chini, akaelewa. Wembe wake haukutikisika hata kidogo. Aliuinua taratibu, akaufuta, akaukunja, akauweka kwenye meza.

"Mdogo wangu, na mimi nilisikia kishindo kile kile," alisema. "Na nilikuwa nimekushika koo."

"Kaka, sikukusudia."

"Najua. Ndiyo maana naogopa." Akafungua fundo la kitambaa shingoni mwa mdogo wake, akakiacha kilipo. "Ukiamua kukisalimisha hicho kidude polisi, niite, nitakusindikiza. Bila hivyo usiniite."

Akatoka bila kugeuka. Kinyozi alitaka kumkimbilia, lakini angemkimbilia vipi na kitu kile mkononi, barabara imejaa watu?

Alibaki mbele ya kioo, shavu moja safi, jingine na povu linalokauka. Akachukua wembe kwa mkono wa kulia. Ngozi ilitaka kuvutwa. Akausihi mkono wa kushoto uiachie bastola, dakika moja tu, amalize ndevu. Mlango ulikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kuingia, na mkono haukuachia. Akapitisha wembe hivyo hivyo, ngozi haijavutwa, akajikata.