Nusu ya Mlimau

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi, kabla chai niliyompelekea wodini haijapoa. Daktari aliniambia ni mapafu, kana kwamba mimi niliyelala kando ya kikohozi kile miaka ishirini na sita nilikuwa sijui. Niliporudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichokutana nacho uani ni kopo lake la maji ya tumbaku. Nikayamwaga mtaroni, kopo nikalipiga teke.

Alikuwa kinyozi. Kila Jumamosi akifunga kibanda alirudi na tumbaku imefungwa kwenye gazeti, akaigawa mafungu mawili juu ya kigoda.

"Nusu yangu, nusu ya mlimau," alikuwa akisema.

Nusu yake aliisokota na kuivuta. Nusu ya mlimau aliiloweka hadi kesho yake, akaichuja na kuunyunyizia mti alioupanda kwenye pipa wiki tuliyohamia pale.

"Mlimau haukohoi, baba," nilimwambia. "Usiusingizie mti wa watu."

"Haukohoi kwa sababu unapata dawa."

Ungebishana naye vipi mtu kama huyo?

Miezi miwili baada ya mazishi, majani ya mlimau yakaanza kujikunja. Nikayafunua: vidukari, wale wadudu wafyonza majani, wamebanana kama abiria, na sisimizi wanapanda na kushuka kulamba utamu wao. Maua yakapukutika. Nikajaribu maji ya sabuni, nikajaribu majivu, mwishowe nikajaribu matusi. Wapi! Vitu vyake vingine vyote vilikuwa vimetulia kabatini. Mti huu tu ndio ulikuwa bado unakua, na sasa ulikuwa unanifia mikononi.

Nikaenda dukani, nikasubiri wateja waishe.

"Nipimie tumbaku," nikanong'ona.

"Ya nani tena, mama?"

"Ya mti."

Mwenye duka alicheka mpaka akajishikiza kwenye mizani. "Marehemu naye alikuwa anasema hivyo hivyo!"

Nikailoweka yote. Kesho yake nikaikamua kwa mikono mitupu, kama ninayefua soksi. Sikufika mbali. Uani kukaanza kuzunguka, jasho la baridi likanitoka, nikatapika kando ya pipa. Wifi yangu, ambaye ni nesi, alinikuta nimekaa chini nanuka tumbaku kuanzia viganjani hadi kwenye kanga.

"Makubwa! Kaka ametutoka juzi, na wewe umeshamrithi?"

"Sijavuta, wifi."

"Wote husema hivyo. Lete mikono."

Akanisugua kwa sabuni hadi viwiko, huku akinisomea. "Hiyo ni nikotini. Inapenya hata kwenye ngozi. Mtumbaku huitengeneza wenyewe ili wadudu wasiutafune. Mdudu akiionja, anakufa. Binadamu akiionja, anarudi dukani."

Nilicheka, kicheko cha kwanza tangu ile Jumanne, nikatapika tena.

"Kaka alikuwa anakamua hivihivi?" akauliza.

Nikakumbuka glavu. Alikuwa akija nazo kutoka kibandani, zile za kupaka watu rangi ya nywele, na mimi nikamwita bwana harusi, eti anaogopa kuchafua kucha. Boksi bado lilikuwa juu ya kabati, limebaki na jozi kumi na moja.

"Kumbe ile nusu alikuwa anasema kweli," nikasema.

"Nusu, ndiyo." Wifi alikuwa anafuta macho kwa kiwiko. "Kaka alikuwa mkweli wa nusu."

Tukavaa glavu zake, mimi na yeye, tukayaongeza maji yale yakawa mepesi, tukanyunyiza kila jani, juu na chini. Siku ya nne sisimizi hawakuwa na la kufanya pale. Mwezi uliofuata likachipua jani jipya, halijajikunja.

Sasa mti una malimau tisa. Nikishanyunyiza, sichumi hata moja mpaka wiki mbili zipite, na naliosha vizuri. Kopo nimelinyoosha pale nilipolipiga teke. Na nikienda dukani, mwenye duka hanisubiri niseme: ananipimia nusu.