Njano wa Mwamba Mrefu

Saa moja asubuhi, Jumatatu ya pili ya Februari, matanki matatu ya zege nyuma ya nyumba ya Mwinshehe, Katonga, Kigoma, yalikuwa hayana maji wala samaki. Jioni iliyotangulia yalikuwa na samaki wa mapambo zaidi ya mia tatu, wenye mashavu mekundu, waliovuliwa Kipili, kusini mwa Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya mnunuzi ambaye dakika ya mwisho aliwakataa.

Msimamizi wa matanki alikuwa Zuhra, binti wa kaka yake Mwinshehe. Alikuwa na shahada ya sayansi ya viumbe wa majini, jambo ambalo baba yake mdogo alilitaja mbele ya wateja na kulisahau siku nyingine zote.

"Shikamoo, baba mdogo. Samaki wa Kipili wako wapi?"

"Marahaba. Nimewarudisha kwao."

"Kipili?"

"Ziwani." Mwinshehe alielekeza kidevu kwenye maji. "Wanakula, hawauziki, mwenyewe kawakataa. Niwaue, nibebe dhambi? Nimewamwaga pale Mwamba Mrefu. Ungewaona walivyokimbia, ungecheka."

"Kutoka Kipili hadi hapa ni karibu kilomita mia tatu."

"Ziwa ni moja, mwanangu. Kumbe ulikwenda chuo kusomea mipaka ndani ya maji?"

Kwa kweli, sehemu kubwa ya alichosomea ilikuwa hiyo hasa. Samaki hawa wadogo, wanaokwangua mwani juu ya mawe, hawavuki mchanga wala maji ya kina kirefu. Anayezaliwa kwenye mwamba mmoja hufia hapo hapo, na kwake ghuba ndogo ya mchanga ni ukuta. Ndiyo maana kila kipande cha pwani ya mawe kina samaki wenye rangi yao. Mwamba Mrefu ulikuwa na njano, samaki mweusi mwenye mkanda mmoja mpana wa njano kiunoni, asiyepatikana penginepo popote. Biashara ya Mwinshehe, pamoja na nyumba ya ghorofa na boti mbili, ilisimama juu ya mkanda huo. Yeye mwenyewe aliwaeleza wateja habari hiyo kila alipotaja bei. Kwamba ukweli unaweza kuwa na kazi nyingine zaidi ya kupandisha bei, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Hawa wa kusini ni wakubwa na ni wakali," Zuhra alisema. "Watawafukuza njano kwenye chakula, kisha watazaana nao. Nipe Elikana na wenzake wiki hii, samaki bado wamejikusanya pamoja. Tukichelewa watatawanyika."

Elikana, mpiga mbizi mkuu, alikuwa karibu akisuuza miwani ya kuzamia. Alisema wavu wa duara ungetosha.

Mwinshehe alitoa simu. Alikuwa amepigwa picha akiinamisha ndoo, na picha imekwisha kupelekwa kwenye kundi la wafanyabiashara, kundi la mtaa wa Ujiji na kundi la waliosoma naye, ikiwa na maneno kwamba leo amewapa uhuru viumbe wa Mungu. Pongezi zilikuwa bado zinaingia. Hakuna aliyeuliza ni viumbe gani.

"Mtu kapongezwa na mji mzima, kesho aonekane pale pale na nyavu? Wataniita nani?"

"Watakuita mvuvi, bosi," alisema Elikana.

"Wewe osha miwani."

Nyavu hazikutoka. Mwezi Juni, katika sherehe ya mazingira, Mwinshehe alipewa cheti cha mhifadhi bora. Alikitundika sebuleni, karibu na feni.

Elikana aliendelea kuzamia Mwamba Mrefu kila wiki na kuleta habari, ambazo bosi wake alizipokea kama mtu anayesikiliza mvua ya kijiji kingine.

"Vipi, Elikana, wageni wangu wamezoea?"

"Wamezoea, bosi. Wenyeji ndio wameanza kuwa wageni. Wekundu wameshika mawe yote ya juu."

"Ndani ya maji kila kitu huonekana kikubwa."

"Basi hata hao njano wangeonekana wakubwa. Wamekonda, matumbo yameingia ndani."

Zuhra alizamia naye ili aone mwenyewe. Mwani hustawi juu ya mwamba, mahali jua linapofika. Huko kila jiwe lilikuwa na mwekundu wake, na kila njano aliyesogea alikimbizwa. Walikuwa wamesukumwa chini, kwenye mwanga hafifu na mwani mwembamba. Jike wa njano huatamia mayai mdomoni kwa muda wa mwezi mzima na hula kidogo sana, kwa hiyo akiingia uzazini amekonda, mayai yake huwa machache. Wale wachache walioanguliwa walitemwa kwenye mianya yenye giza, mbele ya samaki wanaokula samaki. Juu nako hapakuwa na heri. Njano walikuwa wakikwangua na kuacha zulia fupi la mwani, makazi ya vijidudu na konokono wadogo. Wekundu walinyoa jiwe likabaki tupu. Vijidudu vilipotoweka, samaki wadogo waliovitegemea nao waliondoka.

Mwaka uliofuata walionekana samaki wa tatu, wa kahawia, wenye mkanda uliofifia kama doa la chai kwenye shuka. Elikana aliwaita nusunusu. Mwinshehe alisema rangi hubadilika kutokana na hali ya hewa.

Zuhra hakubishana tena. Yeye na Elikana walitumia miezi miwili wakipekua mianya ya chini, wakapata njano safi hamsini na wawili. Waliwatenga kwenye tanki la mwisho. Mpango wake ulikuwa mmoja, nao aliueleza wazi: wekundu na nusunusu wavuliwe hadi waishe, hata ikichukua miaka, kisha njano warudishwe mwambani kwao. Mwinshehe alikubali kwa sababu kukubali hakukumgharimu kitu. Juu ya tanki Zuhra aliandika kwa rangi: HAWAUZWI.

Julai, mnunuzi mkubwa wa njano alikuja mwenyewe kutoka Ujerumani. Aliinamia matanki ya mbele, yenye nusunusu, kwa tochi ndogo, akatazama kwa muda mrefu, akasema maneno machache kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" Mwinshehe aliuliza.

"Anasema hao si njano. Anasema hachukui hata mmoja."

"Mwambie wametoka mwamba ule ule."

"Anajua, baba mdogo. Ndiyo maana amekasirika."

Mgeni alikuwa ameshafika kwenye tanki la mwisho. Alizima tochi, maana hakuihitaji tena. Akaonyesha kidole.

"Hao hawauzwi," Zuhra alisema kwa Kiswahili, akimtazama baba yake mdogo. "Elikana alizamia tena juzi na jana. Chini hakuna aliyebaki. Hao ndio wa mwisho."

Mwinshehe alimwelekezea mgeni kidevu. "Mwambie hivyo hivyo."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wa mwisho."

Zuhra hakutafsiri. Mwinshehe akamwambia mgeni mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha sokoni, na mara mbili, ili bei isikike vizuri. Mgeni aliweka mkono kifuani. Alisema huu ni msiba kwa ulimwengu mzima, kwamba atawazalisha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, na akauliza kama wangeweza kuwa tayari Alhamisi.

Njano waliachwa bila chakula siku mbili, kama ilivyo desturi, wasichafue maji safarini. Asubuhi ya Alhamisi Elikana alianza kuwatia kwenye mifuko ya plastiki na kuijaza oksijeni.

"Tubakize kumi," Zuhra alimwambia Mwinshehe. "Kumi tu, baba mdogo. Wanatosha kuanzia."

"Nikibakiza kumi, hao si wa mwisho tena. Nimeshamwahidi mtu kwamba hao ndio wa mwisho. Unataka niitwe mwongo?"

"Unaitwa mhifadhi, baba mdogo. Mwongo ni cheo kidogo."

"Elikana, funga mifuko."

Elikana alimtazama Zuhra, kisha akafunga. Zuhra aliingia kwenye tanki na kupapasa kila pembe, akatoka mikono mitupu. Mgeni alikuwa amehesabu kabla yake.

Saa nane mchana ndege ya Dar es Salaam iliruka kutoka uwanja wa Kigoma, ikiwa na njano wote hamsini na wawili.