Ushuhuda wa Wofa Ampofo

Afriyie Konadu hakuwa mtu wa kujidharau. Kiwanda cha samaki wa makopo kule Tema kilikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo ya kazi, na wanafunzi wa sayansi ya chakula walioitaka walijaa chuo kizima, lakini yeye alikwisha kujiona amevaa koti jeupe. Kiwanda kilisema wazi kwamba kitapitia kurasa za wanafunzi kwenye mtandao wa kazi kabla ya kumwita yeyote. Basi akaanza kuupiga msasa ukurasa wake.

Picha ya msibani, ya nguo nyeusi na nyekundu, ambamo kwa kweli alipendeza kuliko wafiwa wote, akaiondoa. Cheo cha Mkurugenzi Mkuu, alichojipa kwa kuuza pilipili ya kukaanga bwenini, akakifuta huku akijicheka. Kilichobaki ni ushuhuda wa mwajiri. Mwajiri wake alikuwa mmoja tu: Wofa Ampofo, mjomba wake, mwenye duka la samaki wa barafu pale Asafo, ambako Afriyie alifanya kazi kila likizo.

Ushuhuda ulipoingia, Dzifa, mwenzake wa chumba, aliusoma kwa sauti.

“‘Afriyie ni binti wa tabia njema. Hazururi na wanaume. Anaimba kwaya. Kwao hakuna mwendawazimu, hakuna aliyefungwa, hakuna mwizi. Atakayemchukua hatajuta.’” Dzifa akaanguka kitandani kwa kicheko. “Dada wee, kiwanda kinaleta posa lini? Nikashone nguo!”

“Shona, na mchango utatoa.”

Alitania, lakini tatizo aliliona. Mjomba alikuwa ameandika vile wazee wanavyowajibu wageni waliokuja kuchunguza ukoo kabla ya ndoa. Angeweza kuuficha ushuhuda ule, lakini angebaki mtupu. Kumwomba Wofa Ampofo abadilishe neno lake, hilo hata mama yake Afriyie, dada wa damu wa mzee huyo, hakuwahi kuthubutu. Akapiga simu.

“Wofa, umenisifu mpaka nimeona haya.”

“Na bado! Nafasi ndiyo ilikwisha.”

“Lakini hawa hawanioi, Wofa. Wanataka kujua kazi yangu.”

“Kazi ni kazi tu. Nani anasifiwa kwa kubeba samaki? Mimi nimekusifu wewe.”

Maneno hayo yalimgusa. Hata hivyo hakurudi nyuma.

“Wofa, ule umeme ulipokatika Agosti, nilifanya nini?”

Siku ile samaki waliharibika, mjomba akataka wauzwe upesi. Afriyie akasimama mbele ya jokofu na kukataa asitoke hata mmoja. Mjomba alimfokea mbele ya wateja, akamwita mtoto asiyejua biashara. Mwishowe samaki walitupwa, na jambo lenyewe halikutajwa tena.

“Unataka niandike hilo?”

“Kama ni kweli, Wofa.”

Simu ikakatwa bila kuagana.

“Umeharibu,” Dzifa akasema. Sasa hakucheka.

“Ataandika,” Afriyie akamjibu, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika.

Asubuhi akakuta ushuhuda mpya.

“Samaki waliharibika. Mimi nilitaka kuuza. Binti huyu alikataa. Nikamtukana mbele za watu, akakataa tena. Alikuwa sahihi na sikuwahi kumwambia. Ampofo, mwenye duka.”

Afriyie alilia bila kujificha. Mzee yule hakuwahi kukiri kosa hata kanisani, na sasa Asafo nzima ingesoma. Akafuta machozi, akauweka juu kabisa ya ukurasa.

Wiki iliyofuata ikaingia simu kutoka Tema. Alikuwa mama msimamizi wa ukaguzi kiwandani.

“Huyu mwenye duka ni nani wako?”

“Mjomba wangu, madam. Kaka wa mama.”

“Mjomba! Na ameandika haya hadharani?” Mama akacheka, kisha sauti ikawa kavu. “Hapa kwangu mfokaji ni mimi. Nikisema mzigo utoke, na wewe umeuona mbovu?”

“Hautoki, madam.”

“Hata nikikutukana?”

“Tukana, madam, lakini hautoki.”

“Hata nikikufukuza?”

“Nitaondoka, madam. Ila nitakuwa wa mwisho kutoka, baada ya ule mzigo kutupwa.”

Afriyie akasikia karatasi zikipekuliwa.

“Njoo Jumatatu asubuhi,” mama akasema. “Na viatu visivyoteleza.”