Aliyeingia kwa Adabu

Mtu akikuuzia kitu kimoja mara tatu, jua hapo kuna namna. Wimbo ule niliununua kwenye kaseti. Redio yangu ya kaseti ikafa, nikaununua kwenye sidii. Sidii ikakwaruzika mpaka ikawa haisomi. Ndipo muuza nyimbo wa mtaani kwetu, Bwana Sauti tunavyomwita, akaniambia, "Dada, siku hizi ni simu tu. Unalipia kila mwezi, unasikiliza mpaka uchoke. Niletee ile kaseti kuukuu nikupunguzie mwezi wa kwanza."

"Unaitakia nini?"

"Plastiki tu, dada."

Machale yalinicheza, lakini nikampa. Punguzo lilinipofusha, nakiri.

Aliyepiga gitaa kwenye wimbo ule ni marehemu kaka yangu, kifungua mimba wa mama. Hakurekodi mwingine. Mama sasa haoni, picha hazimfai kitu. Mwanawe amebaki dakika nne tu za gitaa.

Nikaacha cherehani, nikaiweka simu kwenye mto wa mama kitandani. Wimbo ukaanza, safi ajabu. Mama akatega sikio, kisha akakunja uso.

"Huyu si mwanangu."

"Mama jamani! Jina ni hilohilo, bendi ni hiyohiyo."

"Wangu aliingia mapema, mwimbaji hajamaliza. Alikosea, na muda wa studio ulikuwa umekwisha, wakauacha hivyohivyo. Alikuja kulia hapa, mwanaume mzima. Huyu anaingia kwa adabu."

Nikaurudia wimbo mara tatu. Kweli tupu! Damu ilinichemka, nikatoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, simu nikaiacha palepale inaimba.

"Bwana Sauti, huyu wa kwenye simu ni nani?"

Akachungulia mlangoni kwanza. "Dada, punguza sauti. Kampuni iliurekodi upya na vijana wengine. Wale wa zamani wangedai mgao wao."

"Wangu amekufa! Angedai nini?"

"Ungedai wewe."

Kumbe! Na mimi niwalipe kila mwezi kwa kunifichia kaka yangu!

"Sitaki mgao wao. Nipe kaseti yangu."

Akakuna kichwa. Akapekua boksi chini ya meza, akaitoa. Mwandiko wangu ulikuwa bado juu yake, nikapumua. Akaitia kwenye redio yake. Ikatoka sauti ya mhubiri, anakohoa, anaendelea kukemea walevi. Nikageuza upande wa pili. Mhubiri yuleyule.

"Kaseti tupu hazipatikani, dada," akasema, hanitazami. "Na mhubiri alikuwa na haraka. Nikajua wimbo unao kwenye simu."

Nilitaka kumtukana. Lakini aliyeipeleka kaseti dukani ni mimi, kwa miguu yangu.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi kitandani, mikono ameziba masikio. Simu ilikuwa bado inaurudia wimbo.

"Umempata?"

Nilifikiria kumdanganya. Mama yangu hadanganyiki.

"Wamemfuta, mama. Nisamehe."

 Akaipapasa simu kwenye mto, akanisukumia.

"Basi zima hiki kidude chako."

"Nikutafutie wimbo mwingine?"

"Zima, mwanangu. Nikizidi kumsikia huyu anayepatia, nitamsahau wangu anavyokosea."