Anwani ya Mwenye Duka

Tik, tik, tik. Bomba la joto liliamka kabla ya watu, na nje bado giza la Januari. Wiebke Harms alilisikiliza huku ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kompyuta iko wazi mezani katikati ya nyuzi na vipande vya sufi. Tomke, bintiye wa miaka sita, siku hiyo hangekwenda shule kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa amejikunja kitandani, mguu mmoja nje ya blanketi.

Jana Wiebke alinunua domeni, jina fupi la mtandaoni la duka lake la kofia za watoto. Kabla ya hapo duka lilikuwa kwenye anwani ndefu ya bure, imejaa tarakimu, ambayo mteja aliisahau kabla hajafika kwake. Kibanda chake cha sokoni kilipandishwa kodi, akakiacha. Sasa tegemeo ni hili duka la mtandaoni, na masanduku ya kofia yaliyopangwa hadi kufika dirishani.

Akabonyeza: fanya hii kuwa domeni kuu. Duka likakataa kufunguka. Ukurasa wa mwenye duka una kasoro, liliandika. Panatakiwa jina kamili, mtaa, namba ya nyumba. Yeye alikuwa ameweka sanduku la posta.

Kulipokucha akapiga simu manispaa, ofisi ya biashara.

"Bi Harms, sanduku la posta halifai," alisema Bwana Tammen, afisa aliyepokea, mkate mdomoni. "Mnunuzi ana haki ya kujua unapatikana wapi."

"Hapo ndipo penye tatizo, bwana. Kuna mtu sitaki anipate."

"Mume?"

"Aliyekuwa mume. Nilimtoroka huko Hannover na mtoto na mfuko mmoja. Ofisi ya kuandikisha wakazi imeificha anwani yangu. Hata kwenye kengele ya mlango nimeacha jina la mpangaji wa zamani."

"Ofisi ya wakazi iko ghorofa ya chini yetu hapa."

"Basi ghorofa ya chini mnaificha, ghorofa ya juu mnaniambia niibandike dunia nzima isome?"

Bwana Tammen alimeza mkate. "Pole sana, mama. Sheria sikuitunga mimi. Zipo kampuni zinazokodisha anwani, ila bei yake... na nyingine hazikubaliki. Wakili akikunusa, barua ya onyo hiyo, na gharama zake juu yako, na duka kwisha habari yake."

Bi Gesine, jirani wa mlango wa pili, aliingia na sukari ya mawe ya kutilia chai akakuta Wiebke kashika kichwa. Akaelezwa.

"Upuuzi mtupu! Andika yangu."

"Bi Gesine, yako na yangu ni nyumba hiyo hiyo."

"Ala! Kweli." Bibi akakaa. "Basi akija nitammwagia birika zima hapo ngazini. Chai nyeusi, haitoki kwenye shati."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja.

"Kazi nyingine huna?" Bi Gesine aliuliza polepole.

"Ya usiku ipo. Tomke nitamwacha na nani, na wewe mwenyewe unalala saa mbili?"

Bibi alipoondoka, Wiebke alifuta sanduku la posta. Akaandika jina lake, mtaa, namba. Akafuta. Akaandika tena, safari hii haraka, kama mtu anayeng'oa plasta kwenye kidonda, akabonyeza.

Duka likafunguka kwa jina lake jipya. Kofia nyekundu, kofia za bluu, ile yenye masikio ya sungura ambayo Tomke aliivaa kupigwa picha, uso umekatwa usionekane. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, wao: jina, mtaa, namba.

Tomke alikuja na blanketi mabegani akajiegemeza kwa mama yake. Walikuwa wamefanya mazoezi mara nyingi: mtu akikuuliza mnakaa wapi, mwambie karibu na maji. Mji wao wote, Emden, uko karibu na maji. Mwaka huu ameanza kusoma, hapiti neno bila kulisoma. Akaweka kidole kwenye kioo, akalisoma jina la mtaa wao herufi kwa herufi, mpaka akafika kwenye namba. Kidole kikasimama.

"Mama, ulisema tusimwambie mtu tunapokaa."